Supamaketi Ikibisha Hodi Msasani: Maswali ya Wakazi na Majibu Yake

Rasi ya Msasani ina sura mbili. Upande wa Masaki na Oysterbay kuna makazi ya mabalozi, mageti marefu na maduka yenye viyoyozi. Ukija Namanga, Bonde la Mpunga na Mikoroshini unakuta magenge, maduka ya Mangi, mafundi cherehani na wavuvi. Pande zote mbili zinakula kila siku, lakini hazinunui chakula kwa njia moja. Ndiyo maana kiwanja kikizungushiwa mabati na neno supamaketi likatajwa, mjadala huwaka sokoni, kijiweni kwa bodaboda na ofisini kwa mwenyekiti wa mtaa.

Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudi kila mjadala wa namna hiyo unapozuka Dar es Salaam. Yamejibiwa kwa kutazama yaliyokwisha kutokea, kwa kuwa jiji hili limeona supamaketi kubwa zikija na kuondoka kwa zaidi ya miaka 20.

Supamaketi ikifunguliwa, magenge ya Namanga na maduka ya Mangi si yatakufa?

Hofu hii inastahili kusikilizwa kwa heshima, maana genge moja laweza kuwa ndilo linalosomesha watoto wa nyumba nzima. Hata hivyo, historia ya Dar es Salaam haiiungi mkono. Shoprite ya Afrika Kusini iliingia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mlimani City ilifunguliwa mwaka 2006 kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Shoprite na Game zikawa wapangaji wake wakubwa. Zikafuata Uchumi na Nakumatt za Kenya. Wakati huo wote jiji lilizidi kujaa: sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36, ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Walilishwa na nani?

Mtafiti Marc Wegerif alilifuatilia swali hilo kwa miaka kadhaa, kutoka soko la mahindi la Kibaigwa mkoani Dodoma hadi kwa vijana wanaosambaza mayai kwa baiskeli kutoka kwa wafugaji wa pembezoni mwa jiji. Tasnifu yake ya uzamivu, iliyotolewa Chuo Kikuu cha Wageningen nchini Uholanzi mwaka 2017, inaonyesha kwamba sehemu kubwa ya chakula cha Dar es Salaam hupita mikononi mwa wakulima, wachuuzi na wenye maduka wadogo wanaotegemeana. Supamaketi zilishindwa kuwapiku, hata kwa bei: mayai ya duka la mtaani yalikuwa nafuu kuliko ya supamaketi.

Mwenye kuishi Bonde la Mpunga hahitaji tasnifu kuelewa sababu. Duka la Mangi linauza mafuta ya kupima, sukari ya robo, kipande cha sabuni. Linafunguliwa alfajiri na kufungwa usiku watu wamekwisha kula. Mshahara ukichelewa, jina la mteja linaandikwa kwenye daftari na maisha yanaendelea. Supamaketi haina daftari.

Anayepaswa kukaa macho ni mfanyabiashara mwingine kabisa, ambaye mara nyingi hasikiki mkutanoni: mwenye duka la ukubwa wa kati kando ya barabara kubwa, anayeuza nepi, maziwa ya kopo, biskuti na sabuni za maji kwa wateja wenye magari. Huyo anagombea mteja yule yule. Yeye ndiye wa kwanza kupoteza, na hakuna haja ya kumficha ukweli huo.

Wenye supamaketi wananunua kwa wingi. Mbona bei zao mara nyingi ziko juu?

Kwa sababu majokofu yao huwaka usiku na mchana, jenereta hunywa dizeli umeme ukikatika, walinzi wanalipwa, na pango la jengo ni kubwa. Kuna kodi pia. Tangu Julai 2023, biashara yenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 200 kwa mwaka inapaswa kusajiliwa kwa VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Maduka mengi ya mtaani hayafiki huko. Mazao yasiyosindikwa hayatozwi kodi hiyo, kwa hiyo si kisingizio cha bei ya nyanya. Mahali ambapo supamaketi hushinda ni kwenye vifurushi vikubwa na bidhaa za kutoka nje, na anayenufaika ni yule mwenye fedha ya kununua vya mwezi mzima kwa siku moja.

Shoprite, Uchumi, Nakumatt, Game: zote zilikwenda wapi?

Zilifunga. Namna zilivyofunga ndiyo habari ambayo kila mkazi wa Msasani anapaswa kuijua kabla ya kupiga makofi au kupiga kelele.

Uchumi ilitangaza Oktoba 2015 kwamba inaondoka Tanzania na Uganda kwa pamoja. Uongozi wake ulieleza kuwa matawi ya nchi hizo mbili yalichangia chini ya asilimia 5 ya shughuli za kampuni huku yakila zaidi ya robo ya gharama zake. Shoprite iliuza maduka yake matatu ya Tanzania, mawili Dar es Salaam na moja Arusha, kwa Nakumatt, ambayo iliyachukua mwaka 2014. Haikupita miaka mingi rafu za Nakumatt zikaanza kubaki tupu. Mwaka 2017 kampuni ilikuwa taabani, na Januari 2020 wadai wake nchini Kenya waliridhia ifungwe, ikiwa imeacha madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya. Kuhusu Game, kampuni yake mama, Massmart, ilitangaza mwaka 2021 kwamba inataka kuachana na masoko kadhaa ya Afrika Mashariki na Magharibi, na duka la Mlimani City likafungwa mwaka uliofuata.

Wateja walihamia kwingine. Walioumia ni waliopeleka mali.

Biashara ya supamaketi inaendeshwa kwa mali ya wengine. Maziwa, mayai, mikate na mboga vinapokelewa leo, vinauzwa kwa fedha taslimu kesho, na aliyevileta analipwa baada ya siku 30, 60, wakati mwingine 90. Katika muda huo mfugaji mwenye kuku wachache anakuwa ameikopesha kampuni kubwa bila riba na bila dhamana, na hali kuku wake wanahitaji pumba kila asubuhi. Kampuni ikianguka, benki zenye dhamana hutangulia kulipwa. Mfugaji anabaki na ankara mkononi.

Kenya ilijifunza kwa machungu. Mwaka 2019 ilirekebisha Sheria ya Ushindani ili kumbana mnunuzi mkubwa anayemkandamiza msambazaji, na Desemba 2023 mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo iliitoza kampuni inayoendesha Carrefour faini ya takriban shilingi bilioni 1.1 za Kenya kwa kuwabana wasambazaji wawili, mmoja wa mafuta ya kula na mwingine wa asali. Tanzania ina Tume ya Ushindani iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na malalamiko yanaweza kufikishwa huko. Lakini ngao ya kwanza ya mzalishaji mdogo ni mkataba wenye tarehe ya malipo. Kupeleka mali kwa maneno ya mdomo, hata kwa duka lenye jina kubwa kiasi gani, ni hatari isiyo ya lazima.

Mama anayesindika pilipili au siagi ya karanga nyumbani, anaweza kuingia kwenye rafu hizo?

Anaweza, na wapo waliofika. Njia yake inapita TBS, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo inayosimamia pia usalama wa chakula, kazi iliyokuwa ya TFDA. Mjasiriamali mdogo aanzie SIDO, maana barua ya SIDO humfungulia mlango wa kupata alama ya ubora kwa unafuu. Baada ya hapo anahitaji msimbo wa mistari, ule unaosomwa na mashine ya malipo. Misimbo ya Tanzania huanza na 620. Mwenye shaka aingie supamaketi yoyote, ageuze chupa na pakiti, ahesabu ngapi zina 620. Ni kipimo kizuri kuliko hotuba ya ufunguzi.

Mboga ni shida zaidi, kwa kuwa mnunuzi anataka ubora ule ule na kiasi kile kile kila siku, jambo ambalo mkulima mmoja wa bondeni hawezi. Mfano wa Zambia unafaa kukumbukwa hapa. Shoprite iliingia nchi hiyo mwaka 1995. Ilipofika Chipata, mji wa mashariki karibu na mpaka wa Malawi, mboga zake zilitoka mbali na wakulima wa jirani wakaachwa wakitazama. Walikasirika hata wakatishia kulichoma duka. Yaliyofuata ni mazungumzo, kisha mpango wa kuwakusanya wakulima wadogo wa eneo hilo ili waliuzie mboga duka lile. Mpango huo haukumaliza matatizo yote. Lakini ulipatikana baada ya vitisho, ilhali ungeweza kupatikana kabla ya jengo kuinuka.

Mwenye supamaketi akiwa mgeni je? Si wageni wamekatazwa biashara ya rejareja?

Wamekatazwa, isipokuwa hapa hapa. Amri iliyotangazwa Julai 2025 chini ya Sheria ya Leseni za Biashara iliorodhesha biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya, ikiwa ni pamoja na kuuza bidhaa kwa jumla na rejareja. Supamaketi ziliachwa nje ya katazo. Hivyo hoja ya "mfukuzeni kwa kuwa ni mgeni" haina miguu kisheria, na wanaoitegemea peke yake mkutanoni wanapoteza nafasi ya kudai mambo wanayoweza kuyapata.

Mambo gani hayo? Mwananchi ana sauti kabla ya ujenzi?

Anayo, na inaanzia kwenye ardhi. Kiwanja kilichopimwa kwa ajili ya makazi hakigeuki cha biashara kwa sababu mwenyewe amepata mwekezaji. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, anayetaka kubadili matumizi huomba kwa mamlaka ya mipango, ambayo kwa Msasani ni Manispaa ya Kinondoni, na majirani wana nafasi ya kuweka pingamizi. Mradi mkubwa unapita pia NEMC chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na tathmini ya athari lazima ichukue maoni ya wanaoishi hapo.

Msasani ina sababu ya pekee ya kulitilia mkazo jambo hili. Bonde la Mpunga ni bonde kweli, na wakazi wake wanayajua mafuriko. Supamaketi huja na paa pana na uwanja wa kuegesha magari uliosakafiwa, na maji yaliyokuwa yakizama ardhini sasa yanatafuta njia. Yatakwenda wapi? Mtaro wa kupokea maji hayo uko kwenye mchoro, au umeachwa kwa bahati ya mvua? Katika kila mkutano wa aina hii watu hubishana saa mbili kuhusu bei ya sukari, na mtaro hautajwi. Mwandishi wa safu hii anaona unapaswa kutajwa kwanza, kwa sababu bei hubadilika, lakini zege likishamwagwa limemwagwa.

Maswali ya msongamano yaje pia: malori ya mali yatashushia wapi, na saa ngapi?

Na ajira za vijana wetu?

Zipo, lakini chache kuliko zinazoahidiwa: mapokezi ya mali, rafu, malipo, usafi, ulinzi. Vijana waulize kuhusu mkataba wa maandishi na michango ya NSSF kabla ya kuuliza rangi ya sare.

Si rahisi serikali ikapiga marufuku tu?

Tanzania ilishajaribu kuamua kwa amri nani auze na nani asiuze. Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, maduka binafsi yalifungwa vijijini ili nafasi yao ichukuliwe na maduka ya ushirika na ya vijiji. Maduka hayo mapya hayakuwa tayari. Bidhaa ziliadimika, na serikali ikalazimika kulegeza. Wazee wanaokumbuka foleni za sabuni na sukari za miaka iliyofuata wanajua gharama ya kufunga mlango mmoja kabla mwingine haujafunguka.

Basi iruhusiwe au ikataliwe?

Iruhusiwe kwa masharti yaliyoandikwa: mtaro wa maji umalizike kabla ya uwanja wa magari kusakafiwa, wasambazaji wadogo walipwe ndani ya siku 30, na mazao ya wakulima wa Dar es Salaam na Pwani yapate sehemu ya rafu iliyotajwa kwenye makubaliano na manispaa. Mwekezaji anayekubali masharti hayo apewe ushirikiano. Anayeyakataa atafute kiwanja kwingine.

Masharti hayo hayataandikwa na mtu mwingine kwa niaba ya wakazi. Kila mkazi wa mtaa mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ana haki ya kuingia mkutano mkuu wa mtaa wake na kusema. Tangazo la mkutano likibandikwa, nenda, na uombe mchoro wa kiwanja uwekwe mezani kabla ya mjadala kuanza.