Tazama Mwezi Kwanza: Mwongozo wa Bandari za Pwani ya Tanzania

Kabla hujakata tiketi ya basi, tazama mwezi. Pwani ya Tanzania Bara inaenea kutoka mpaka wa Kenya hadi mdomo wa mto Ruvuma, na bandari zake hazieleweki kwa mtu asiyejua kupwa na kujaa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapotimia, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Mahali ambapo asubuhi mashua zilikuwa zinaelea, adhuhuri watu wanapita kwa miguu wakitafuta chaza. Kwa hiyo kila bandari izuru mara mbili: maji yakiwa juu, na yakiwa yamekupwa.

Ukifanya hivyo utaiona historia ya pwani hii kwa macho yako. Jahazi huridhika na ufuko wa mchanga wa kupwelewa. Meli ya chuma hutaka maji marefu na gati. Zilipokuja meli za moshi, miji iliyokuwa mikubwa ilipitwa na majirani zake. Ndiyo maana nashauri uitembelee miji hii kwa jozi, wa kale pamoja na uliourithi.

Jozi ya kwanza ni Bagamoyo na Dar es Salaam, kilomita 70 hivi kati yake. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka Ujiji na Tabora iliishia Bagamoyo. Mwaka 1874 Chuma na Susi, watumishi wa mpelelezi David Livingstone, walifika hapo pamoja na wenzao na mwili wake waliokuwa wameubeba kutoka bara, ukahifadhiwa katika misheni ya Wakatoliki kabla ya kuvushwa Unguja. Misheni hiyo iliasisiwa 1868 na ina makumbusho. Anzia hapo, kisha teremka kwenye forodha ya zamani maji yakiwa yamekupwa. Utawaona wachukuzi wakiingia baharini na mizigo mabegani, na mbele yao maji mafupi yanayoendelea mbali. Wajerumani walitawala kutokea Bagamoyo, lakini 1891 makao makuu yalikuwa yameshahamia Dar es Salaam, na ukiwa umesimama hapo huhitaji kuelezwa sababu.

Dar es Salaam ilianzishwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860. Alifariki 1870, mji ukadorora hadi Wajerumani walipoufufua, na reli iliyotoka hapo ilifika Kigoma 1914. Bandari yake imejificha ndani ya ghuba yenye mlango mwembamba. Panda pantoni ya Kigamboni: utaiona ghuba yote, na meli ya makontena ikipita mlangoni utashangaa ukaribu wake na watu wa ufukweni. Kamera iache mfukoni. Bandari na vivuko ni maeneo ya ulinzi, omba ruhusa kwanza.

Kaskazini, Pangani inatosha kwa mchana mmoja: mto, minazi, majengo ya kale, na kumbukumbu ya Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani akanyongwa hapo Desemba 1889. Tanga ni mji wa katani na reli, na ndipo Waingereza walipoteremsha askari wao Novemba 1914 wakashindwa vibaya.

Utajiri wenyewe uko kusini, nao ni Kilwa. Jina hilo linabeba miji mitatu, Kisiwani, Masoko na Kivinje, na wageni wengi huchanganyikiwa. Kilwa Kisiwani ndiyo kongwe. Jahazi lililotoka Arabuni kwa kaskazi liliweza kufika hapo na kurudi kwa kusi katika msimu mmoja; kwenda kusini zaidi kulikuwa kujihatarisha kukwama mwaka mzima. Kwa hiyo dhahabu iliyotoka bandari ya Sofala, kusini zaidi, ilipitia mikononi mwa watu wa Kilwa. Walifua sarafu zao wenyewe, wakajenga Msikiti Mkuu kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na Sultani al-Hasan bin Sulaiman akajenga kasri la Husuni Kubwa juu ya jabali, lenye birika la pembe nane linalotazama bahari. Ibn Battuta alifika 1331 akausifu mji. Mwaka 1505 Wareno wa Francisco de Almeida waliuvamia na kuupora. UNESCO iliyaandika magofu haya pamoja na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara katika urithi wa dunia 1981.

Safari ya kuvuka huanzia Kilwa Masoko. Chukua kibali kwanza, kwa sababu hutolewa huko Masoko, na mwongozaji awe mtu wa hapo. Patana na nahodha kabla ya kupanda, ulizia jaketi la kuokolea, na uvuke asubuhi, maana miezi ya kusi mchana bahari huchafuka. Songo Mnara yataka siku nzima na viatu vinavyoweza kulowa, kwani kwa maji kupwa utateremka na kutembea kwenye matope ya mikoko. Kilwa Kisiwani kuna kijiji chenye watu hadi leo. Wape wazee shikamoo, vaa nguo za heshima, na usiokote hata kigae kimoja cha kauri.

Kilwa Kivinje, kaskazini mwa Masoko, ilishamiri karne ya 19 kwa pembe na kwa watumwa walioswagwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Leo nyumba zake nyingi zinabomoka na mikoko inakaribia mjini. Inastahili kutunzwa kuliko inavyotunzwa sasa.

Mikindani na Mtwara ndiyo jozi ya mwisho. Mikindani ina ghuba nzuri, boma la Wajerumani la 1895 na nyumba za mawe. Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho 1866. Kilomita kumi hivi mbele, Waingereza walijenga gati la maji marefu Mtwara kwa ajili ya mradi wao wa karanga. Mradi ulikufa, reli yake ikang'olewa, gati likabaki, na sasa linapakia korosho.

Epuka masika: Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya kusini eneo la Somanga. Miezi mizuri ni Oktoba na Novemba, wakati wa tanga mbili, upepo ukiwa mwepesi. Mwenye siku nne tu asihangaike na pwani yote. Apande basi la Kilwa, alale Masoko, siku moja avuke Kisiwani, nyingine aende Kivinje.