Makazi ya Vijijini: Kwa Nini Nyumba ni Ghali Cornwall?

Watahiniwa wengi wakiulizwa kuhusu makazi ya vijijini huandika kwamba huko nyumba ni za bei nafuu kwa kuwa watu ni wachache. Usikimbilie jibu hilo. Jiulize kwanza: nani anazitaka nyumba hizo, ana fedha kiasi gani, na zipo ngapi?

Chukua mfano wa Cornwall, rasi iliyo kusini-magharibi mwa Uingereza. Zamani wakazi wake walitegemea uvuvi, kilimo na migodi ya bati na shaba. Migodi ilifungwa mmoja baada ya mwingine, na ule wa South Crofty ukafungwa mwaka 1998. Leo utalii ni tegemeo kubwa. Kazi za hotelini na mikahawani huwa nyingi wakati wa kiangazi, kisha hupungua, na mishahara yake ni midogo.

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Fukwe zilezile zinazoleta watalii huwavutia pia matajiri wa London na miji mingine, ambao hununua nyumba za mapumziko. Bei hupanda kufuata mifuko yao, si mshahara wa mhudumu wa hoteli. Nyumba nyingine wenyewe hupangisha watalii kwa wiki, maana wiki chache za kiangazi huweza kulipa kuliko miezi mingi ya mpangaji wa kudumu. Muuguzi au mwalimu kijana hulazimika kuishi mbali na kazini, au kubaki kwa wazazi. Kijiji kikikosa familia changa, shule hupungukiwa wanafunzi.

Nyumba za halmashauri nazo zilipungua. Sheria ya mwaka 1980 iliwaruhusu wapangaji wake kuzinunua kwa punguzo la bei, na nyingi zilizouzwa hazikujengewa mbadala.

Usisahau gharama zilizofichika. Nyumba nyingi za vijijini hazijafikiwa na bomba la gesi, hivyo wenyeji hununua mafuta ya kupashia joto nyumba wakati wa baridi. Mabasi ni machache, kwa hiyo gari, ambalo kwa mtu wa mjini ni anasa, huko ni hitaji.

Je, hatua gani zimechukuliwa? Mwaka 2016 wakazi wa St Ives, mji mdogo wa bandari, walipiga kura ya maoni. Zaidi ya asilimia 80 ya waliopiga kura waliunga mkono mpango unaotaka nyumba mpya ziwe makazi ya kudumu ya wanaoishi humo. Ukiutaja mpango huu, taja na udhaifu wake: haukugusa nyumba za zamani, na anayetaka nyumba ya mapumziko bado anaweza kununua hizo. Kuanzia Aprili 2025, halmashauri ya Cornwall huruhusiwa kutoza nyumba za pili kodi mara mbili ya kawaida, na imeanza kufanya hivyo.

Swali la mazoezi: "Gharama za maisha vijijini ni nafuu kuliko mjini." Jadili kauli hii kwa kutumia eneo moja ulilosoma. (Alama 15)

Anza na sababu, kisha athari, ndipo uje kwenye hatua. Kila hoja iwe na mfano wake. Neno "utalii" likisimama peke yake halijaeleza kitu.