Breka Hulinda Waya: Somo la Friza za Biashara

Mwaka huu nimeonelea niwaletee somo la umeme, maana wengi husema mambo haya hayaelezeki kwa Kiswahili. Yanaelezeka, tena vizuri. Nitazungumzia friza kubwa za madukani, yaani jinsi ya kuchagua waya na breka zake. Breka ni ile swichi ya kwenye boksi la stima ambayo hujikata yenyewe mkondo unapozidi.

Mamangu huuza samaki. Breka ya friza yake ilikuwa ikikata karibu kila mara stima inaporudi baada ya kupotea, na samaki wakiharibika, karo nayo imeharibika. Fundi mmoja akamshauri atoe breka ya ampea 16, atie ya 32. Mama akauliza, "Kwani ya 32 si ndiyo yenye nguvu zaidi?" Mjomba, ambaye ni fundi mwenye leseni, akamjibu, "La, dada. Breka hiyo kazi yake ni kulinda waya, si friza." Hebu tuone alimaanisha nini.

Kwanza, mashine

Kila friza ina kibati chenye maelezo. Soma ampea zilizoandikwa hapo. Katika Fizikia tulifunzwa kwamba wati ukizigawanya kwa volti unapata ampea, lakini kwa mota hesabu hiyo hupunja, kwani kompresa huvuta zaidi. Friza ya mama huvuta ampea 12 kwa volti 240.

Kuna jambo jingine. Kompresa inapoanza kuzunguka huvuta, kwa muda mfupi sana, kama mara 5 au 6 ya kawaida. Kwa friza hii ni ampea 60 hadi 72. Ni kama mkokoteni wenye mzigo: kuuanzisha ni jasho, ukishatembea ni nafuu.

Pili, breka

Tazama maandishi ya breka, utaona herufi na nambari, mathalani B16 au C16. Nambari ni ampea ambazo breka hubeba wakati wote bila kukata. Herufi huonyesha inavumilia mshtuko kiasi gani. B hukata papo hapo mkondo ukifika kati ya mara 3 na mara 5 ya nambari yake. C hukata kati ya mara 5 na mara 10. Kwa hivyo B16 yaweza kukata popote kati ya ampea 48 na 80, na C16 kati ya 80 na 160.

Mnaona sasa? Breka ya mama ilikuwa B16. Dawa ilikuwa kubadilisha herufi, si nambari. Lakini C huhitaji mkondo mkubwa zaidi ili ikate haraka panapotokea hitilafu, basi ni lazima fundi apime kwanza kama waya wa ardhi ni mzuri.

Tatu, waya

Majedwali ya mafundi yaonyesha kwamba waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, ukiwa ndani ya paipu ukutani, hubeba ampea 24 penye joto la digrii 30. Chini ya mabati joto hufika digrii 40, kwa hivyo tunazidisha kwa 0.87. Paipu ikiwa na nyaya za sakiti nyingine pia, tunazidisha kwa 0.8. Jibu ni ampea 16.7.

Sasa zipange: mashine 12, breka 16, waya 16.7. Kila moja isizidi inayoifuata. Hiyo ndiyo kanuni.

Tia breka ya 32 na kanuni imevunjika. Waya wa 16.7 waweza kupitisha karibu maradufu, plastiki yake isiyofaa kupita digrii 70 ilainike, moto uanzie darini, na breka imetulia tu! Hata waya wa milimita mraba 6 mahali hapo hubeba 28.5 pekee.

Nne, umbali

Waya mrefu hupoteza volti. Ule wa 2.5 hupoteza milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita. Friza ya ampea 12 ikiwa mita 65 kutoka kwenye boksi, zinapotea volti 14. Kiwango cha juu ni asilimia 5, yaani volti 12. Waya wa milimita mraba 4 hupoteza milivolti 11, hivyo zinapotea volti 8.6 tu. Volti zikipungua mno, kompresa hushindwa kuanza, hupata joto na huungua.

Nasaha

Sisi wanafunzi wa kutwa hurudi nyumbani kila jioni. Soma herufi na nambari za breka za kwenu, lakini usifungue boksi. Kazi hiyo mwachie fundi mwenye leseni ya EPRA. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Zoezi: Friza huvuta ampea 18, breka ni ya 20. Waya wa milimita mraba 4 hubeba ampea 32 penye digrii 30. Je, utatosha chini ya mabati yale yale, katika paipu ile ile? Ukipata 22.3, hongera, umeelewa.