Mizani Inayorudia Jibu Lilelile

Mteja anapotilia shaka uzito wa nyama aliyouziwa, mara nyingi humwomba muuzaji aipime tena. Mshale ukirejea palepale, huridhika na kwenda zake. Hata hivyo, kupima tena kwenye mizani ileile huthibitisha tu kwamba mizani hiyo ni thabiti. Hakuthibitishi kwamba ni sahihi.

Katika fani ya vipimo tunazitenganisha sifa hizi mbili. Uthabiti ni hali ya kipimo kutoa majibu yanayokaribiana kila kitu kilekile kinapopimwa. Usahihi ni ukaribu wa jibu na uzito wa kweli. Tuchukue kipande cha nyama chenye gramu 920. Mizani ya kwanza inasoma gramu 890, kisha 960, kisha 910. Haina uthabiti, ingawa wastani wake ni gramu 920 barabara. Mizani ya pili inasoma gramu 1,000 mara tatu mfululizo. Hii ya pili ndiyo inayoaminiwa buchani, nayo ndiyo yenye madhara zaidi, kwa kuwa kosa lake huelemea upande mmoja siku zote. Familia inayonunua "kilo" moja hapo kila wiki italipia, katika wiki 52, zaidi ya kilo 4 za nyama ambayo haikuipata. Kwa mkulima anayeuza mazao, hasara huja kinyume: humpunja mizani inayosoma pungufu.

Mizani ya kidijitali haijaliondoa tatizo hili. Tarakimu tatu baada ya nukta huonyesha jinsi kioo kinavyoigawa kilo, basi.

Kwanza, tazama kama mizani tupu inasoma sifuri. Sifuri peke yake haitoshi, maana springi iliyochoka huweza kuanzia sifuri na bado ikapotoka inapobeba mzigo. Kwa hiyo pima kitu ambacho uzito wake unaujua. Lita moja ya maji ina uzito wa takriban kilo moja. Chupa ya plastiki ya lita moja ya maji ya kunywa, ikiwa haijafunguliwa, huongeza gramu chache tu. Ile mizani ya pili ingeisoma kuwa zaidi ya kilo 1.1. Jaribio hili si mbadala wa mawe ya mizani yaliyohakikiwa ambayo maofisa vipimo huyatumia, lakini hutosha kufichua kosa kubwa.

Angalia pia stika ya uhakiki na mwaka wake. Ukiona tofauti, usikubali muuzaji airekebishe mizani papo hapo kwa bisibisi: kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni, na baada yake mizani huhakikiwa upya. Andika mahali, tarehe na usomaji ulioupata, kisha utoe taarifa katika ofisi ya vipimo ya mkoa wako.