Uzito wa Nyumba Unashukia Wapi?

Chukua mti wa urefu wa mita 2. Ning'iniza gunia la kilo 40 katikati. Weka ncha moja begani kwako, na mwenzako abebe ncha ya pili. Kila mmoja atachukua kilo 20. Sasa lisogeze gunia upande wako, liwe nusu mita tu kutoka begani kwako. Wewe utachukua kilo 30, na mwenzako kilo 10. Gunia ni lile lile na mti ni ule ule. Kilichobadilika ni mahali.

Hesabu yake ni hii. Zidisha uzito kwa umbali kutoka begani kwako: 40 mara nusu ni 20. Gawa kwa urefu wa mti, yaani 2. Unapata 10. Huo ni mzigo wa mwenzako. Kilo zilizobaki ni zako. Wachukuzi wanaijua hesabu hii kwa mabega yao, ingawa hawaiandiki.

Boriti ya nyumba ni kama mti huo, na kuta mbili ni mabega. Ukiingia katika nyumba za zamani za Mji Mkongwe, Unguja, utaona vyumba ni virefu lakini vyembamba. Upana ni kiasi cha mita 3. Sababu ni boriti za mikoko. Juu yake ipo sakafu ya mawe na chokaa, nayo ni nzito sana. Mzigo ukikaa katikati ya boriti ya mita 6, nguvu ya kuivunja ni mara mbili ya ile ya boriti ya mita 3. Kwa hiyo waashi wa zamani walikubali chumba chembamba.

Siku hizi watu huweka tangi la maji juu ya nyumba hizo. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Tangi la lita 1,000 likijaa ni kilo 1,000, yaani tani nzima! Likikaa katikati ya chumba, boriti hupinda sana. Likikaa karibu na ukuta, boriti hupata nafuu, lakini ukuta huo hubeba sehemu kubwa zaidi. Je, ukuta wenyewe ni mzima? Kwa nyumba kongwe, mimi ningeliweka tangi chini.

Kuta za zamani ni nene. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Hubeba vizuri uzito unaoshuka wima. Hazistahimili kusukumwa kwa pembeni, wala maji. Maji yakipenya, chokaa hulainika, na vichwa vya boriti huoza ndani ya ukuta, mahali ambapo jicho halifiki.

Jumba la Beit al-Ajaib lilijengwa mwaka 1883, zama za Sultani Barghash. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, sehemu kubwa ya upande wa mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walikufa.

Ukiona ufa katika ukuta wako, paka plasta nyembamba juu yake, kwa kuukatiza. Andika tarehe. Plasta ikipasuka baadaye, jua kwamba ukuta unatembea. Mwite fundi. Ukuta ukitoka tumbo, hamisheni watu kwanza, kisha mwite fundi.

Maswali

1. Boriti ya mita 3 imebeba mzigo wa kilo 300. Mzigo uko mita 1 kutoka ukuta wa kushoto. Kila ukuta unachukua kilo ngapi?

2. Chukua ubao mrefu wa inchi 2 kwa 4. Uweke juu ya mawe mawili, kwanza umelala, kisha umesimama kwa ubavu. Ukanyage katikati taratibu. Ni lini unapinda zaidi?

3. Nyumbani kwako tangi au pipa la maji liko wapi, na uzito wake unashukia juu ya nini?