Si Uzee Tu: Kubadilisha Vali ya Moyo Bila Kupasua Kifua

Mzee aliyezoea kwenda sokoni kwa miguu anapoanza kupumzika njiani mara mbili tatu, jamaa zake husema ni uzee. Huenda, hata hivyo, vali ya aota imebana.

Vali hiyo ni mlango ambao damu hupitia kutoka chumba cha chini cha kushoto cha moyo kuingia katika aota, mshipa mkuu wa mwili. Kadiri umri unavyosonga, madini ya kalisi huweza kujikusanya juu yake hadi ikakakamaa, na moyo ukalazimika kusukuma damu kwa nguvu kupita kiasi. Dalili kuu ni tatu: kuishiwa pumzi, maumivu ya kifua wakati wa kazi, na kuzirai. Zikishajitokeza katika ugonjwa mkali na vali isibadilishwe, takriban nusu ya wagonjwa hufariki ndani ya miaka miwili. Dawa hupunguza dalili, lakini haziifungui vali.

Zamani tiba ilikuwa upasuaji wa kifua pekee, ambao wazee wengi dhaifu hawakuweza kuustahimili. Tarehe 16 Aprili 2002, mjini Rouen, Ufaransa, Daktari Alain Cribier alimwekea binadamu vali kwa njia ya katheta kwa mara ya kwanza. Siku hizi mrija huo hupitishwa aghalabu katika ateri ya paja, mara nyingi kwa ganzi na dawa ya usingizi mwepesi. Vali mpya, iliyokunjwa, hufunguliwa ndani ya ile ya zamani.

Katika utafiti wa PARTNER wa mwaka 2010, wagonjwa wasioweza kupasuliwa waliowekewa vali hii walifariki asilimia 30.7 katika mwaka mmoja. Waliopata matibabu ya kawaida, asilimia 50.7. Faida ni kubwa, ila hatari zipo: kiharusi, kutokwa damu, vali kuvuja pembeni, au kuhitaji betri ya moyo. Aidha, mgonjwa aliyezidiwa na maradhi mengine huenda asinufaike. Kwa hiyo uamuzi ni wa mgonjwa, familia na jopo la madaktari kwa pamoja.

Mhudumu wa afya, usimrudishe mzee nyumbani kabla ya kumsikiliza moyo. Ukisikia mvumo upande wa juu kulia wa kidari, unaofika shingoni, mpeleke akapimwe eko. Nawe mgonjwa, usione haya kusema kwamba pumzi imepungua.