Mwanga Uuao Vijidudu Hewani

Baridi ya Lugarawa mwezi wa Julai ni kali, nasi wa bwenini hufunga madirisha mapema. Muhula huu mwenzetu mmoja alikohoa wiki tatu, akapimwa, ikaonekana ni kifua kikuu. Sasa anatumia dawa. Nasi tulio jirani naye tulipimwa, nami nikaanza kuuliza habari za hewa tuivutayo usiku kucha.

Mgonjwa akikohoa, vijidudu huelea chumbani kwa muda mrefu. Mwaka 1877 Waingereza wawili, Downes na Blunt, walionyesha kwamba mwanga wa jua huua vijidudu. Miali iuayo zaidi haionekani kwa macho, huitwa urujuanimno. Huko Baltimore, Marekani, tangu miaka ya 1950, Richard Riley alipeleka hewa ya wodi ya kifua kikuu kwa simbilisi, kama hawa wafugwao jikoni huku kwetu. Waliovuta hewa hiyo kama ilivyo, wengine waliambukizwa. Wenzao, ambao hewa yao ilipitishwa kwanza penye taa za miali hiyo, walisalimika.

Taa hizo hufungwa juu karibu na dari, maana huumiza macho na ngozi. Sisi hatunazo. Nilidhani jua lipitalo kiooni latosha, kumbe kioo huzuia sehemu kubwa ya miali hiyo! Bali dirisha likiwa wazi, hewa mbaya hutoka.

Basi tumepatana madirisha mawili yasifungwe usiku. Alalaye chini yake amekwisha kuomba blanketi la pili.